Moto Una Pua

Mfinyanzi wetu alikuwa hawezi kupita mlango wa mtu anayepika bila kuinama na kuchungulia mafiga. Si kwamba alitaka kujua kilichomo chunguni. Chakula cha watu hakikumhusu. Alitazama kuni. Akiziona zimerundikwa, mbichi na kavu pamoja, moshi umejaa nyumba mpaka watoto wanakohoa, huyo ataingia hata kama hamjuani. Atapiga magoti, atachomoa kuni mbili tatu na kuzisokomeza mchangani, kisha atamtazama mwenye nyumba na kusema, "Haya, sasa mwache moto apumue." Mgeni angemwona kichaa. Sisi majirani tulishamzoea. Tulimwita Mfinyanzi tu, na hakuna siku aliyodai aitwe vingine.

Nikimtaja leo nacheka kwanza, halafu kicheko kinanikauka. Mwanamke huyo ndiye aliyenipotezea mbegu ya mama yangu, na mimi ndiye niliyemtamkia neno ambalo mpaka leo sijui nililitoa wapi. Nitafika huko. Nataka kwanza mmwone alivyokuwa, msije mkamchukia kwa ajili yangu, wala kunichukia mimi kabla hamjasikia yote.

Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa kazi ya udongo hata pete isingeingia. Macho yake yalikuwa mekundu, yakichuruzika asubuhi na jioni. Hakuwa akilia, hapana. Ilikuwa kazi ya moshi. Tembe la Kigogo, kwa asiyelijua, paa lake ni la udongo, bapa, na dirisha hakuna. Moshi ukishaingia husahau mlango ulipo. Miaka mingi alikuwa amepikia humo, na kwa kuwa viganja vyake vilijaa udongo kutwa, alijifuta machozi kwa kifundo cha mkono, akabaki na mistari ya udongo mashavuni. Watoto walimcheka. Naye alicheka nao.

"Haya macho yamebaki kidogo," aliniambia siku moja, kwa sauti ya mtu anayetaja unga uliobaki mtungini. "Mimi nataka nife nikiwa nakiona chungu ninachofinyanga. Basi. Mengine Mungu anipe au aniache."

Kwa hiyo mtu asiseme kuwa ugomvi wake na moshi ulikuwa uchizi. Alikuwa akigombania macho yake.

Siku hizo ni za Mdachi, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika Dodoma. Mimi na mume wangu ni Warangi wa Kondoa. Tulikuja kwa sababu mume wangu alipata kazi stesheni, kukata na kupanga kuni za gari moshi. Na lile gari, jamani, lilikuwa na tumbo! Rundo refu kama nyumba asubuhi, jioni unakuta magome tu. Wanawake walionitangulia pale waliniambia kuwa zamani mtu alitoka akiwa ameinjika maji, akarudi na mzigo wa kuni kabla hayajachemka. Mimi sikuyaona hayo. Mimi nilikuta tunatoka alfajiri kuelekea Nzuguni na kurudi jua limesimama utosini, shingo imeingia mabegani.

"Mumeo analilisha lile dude," Mfinyanzi alinitania, "na wewe unaokota makombo yake. Ndoa gani hiyo?"

Yeye mwenyewe alikuwa mwizi wa kuni za stesheni. Lazima niseme. Mtu aliyeweza kukusimanga kutwa kwa kupoteza kijiti kimoja, akipita karibu na rundo la Mdachi alitoka na gogo chini ya nguo. Mume wangu alimwona mara nyingi, akageuza uso upande wa pili. Nilipomuuliza kama mama mtu mzima haoni haya, alinijibu kwamba miti ile hakuipanda Mdachi wala babu yake, na kwamba anaichukua moja moja kwa adabu, si kama wale wanaoichukua kwa msumeno.

Lakini stesheni hakwenda kwa wizi peke yake. Gari moshi lilipoingia, wenzake walikimbilia kutazama watu wanaoshuka, mizigo, Wahindi na masanduku yao. Yeye alichuchumaa kando ya kichwa cha gari, shingo kaipinda, akitazama chini ya tumbo lake, pale mtu wa moto anapokokoa majivu. Siku moja askari akamfuata na kiboko.

"We bibi! Unatafuta nini hapo?"

"Natafuta pua."

Askari akadhani anatukanwa. Kama si mume wangu kumwambia kuwa huyu mama akili yake si nzima, angechapwa. Alirudi kwangu anakokota miguu, lakini uso unamng'aa kama bibi harusi. Akanikalisha chini. Nimeona, akasema. Moto wa lile gari haukukaa chini. Umelala juu ya vyuma, na chini ya vyuma mna nafasi, na upepo unaingilia hapo. Majivu yakijaa, yule mtu anayakokoa, moto unalia vuu! Akapiga paja lake. "Moto una pua, mwanangu. Na pua yake iko chini. Sisi miaka yote tunamlaza kifudifudi kwenye majivu, halafu tunampulizia usoni!"

Kuanzia hapo hatukulala. Alivunja na kujenga, akajenga na kuvunja. Udongo aliufuata mwenyewe kule Zuzu, ule mweusi wa bondeni, akauchanganya na makapi ya uwele na majivu yaliyochekechwa. Nilimuuliza makapi ya nini. Akaniuliza kama usiku wa baridi najifunika jiwe au nguo. Udongo mtupu, alisema, unakula moto wenyewe, chungu kinabaki kinasubiri. Ukitia makapi, ukuta unakuwa mwepesi, na joto linabaki ndani na chungu. Akajenga ukuta wa mviringo unaofika mpaka mabegani mwa chungu, na mlango mdogo mbele. Ndani, chini, akapanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, kama kitanda, kuni zilale juu yake na hewa ipite chini. Kisha juu akatia nundu tatu za udongo za kukiinua chungu, ili moto upande ukikumbatie pande zote kabla haujatoka.

Nafasi kati ya chungu na ukuta ilikuwa kidole kimoja. Hapo ndipo tulipogombana mara ya kwanza. Nilijijengea jiko langu kwa maelekezo yake, nikapima kidole kimoja kuzunguka, nikawasha. Lo! Moshi ulitoka mlangoni, ukanirudi usoni, moto ukafa. Nikaenda kumwambia kuwa ujanja wake ni uongo. Akaja, akatia kidole chake kwenye ile nafasi, hakikuingia. Akanishika mkono, akaweka kidole changu chembamba kando ya kile chake kilichovimba. Tukatazamana.

"Nilisema kidole," akasema.

"Hukusema cha nani."

"Cha mfinyanzi! Kuna kidole kingine?"

Tukacheka mpaka mume wangu akatoka nje kutazama kuna nini. Lakini tangu siku hiyo, mwanamke yeyote wa mtaa wetu aliyetaka jiko ilibidi amwite Mfinyanzi aje na kidole chake. Na alikuja. Hakudai kitu zaidi ya majivu, maana majivu aliyatumia. Mwenye kutaka kumshukuru zaidi alimpa mlenda, naye akaula huko huko jikoni, akitazama moto.

Alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia mpaka likatuchosha: "Moshi ni kuni zilizomwagika." Ukipika na moshi ukatoka, kwake ni sawa na kubeba mtungi wa maji kutoka kisimani huku unavuja. Umeikata kuni, umeibeba, umeumia shingo, halafu nusu yake unaiacha itoke mlangoni bila kuivisha kitu. Kuni zikauke kwanza, alisema, uzisimamishe ukutani, si kuzilaza chini. Uzipasue ziwe nyembamba kama kifundo cha mkono wa mtoto. Uzitie kidogo kidogo, kwa ncha. Ukimaliza kupika, uzivute, uzipigepige chini zizimike, uzipange. "Usimwage maji! Kuni si mwizi umemfumania!"

Na kweli, mzigo niliozoea kuumaliza kwa siku mbili ukawa unanifikisha siku ya nne. Hili silisemi kwa kumsifu. Shingo yangu ndiyo shahidi.

Sasa mtu huyo huyo, siku ya kuchoma vyungu vyake, alitumia mavi ya ng'ombe makavu na magogo na nyasi na kila kinachowaka, moshi ukaufunika mtaa mzima, nguo zetu zikanuka wiki. Tulimwita mnafiki. Alisimama kando ya moto wake, ugoro puani, akapiga chafya, akasema chungu kinataka kuchomwa na si kupikwa, na asiyejua tofauti asimfundishe kazi. Alikuwa hivyo. Alikubali kuhojiwa na moto, si na watu.

Kuna kitu hatukukifikiria, na nyumba yangu ndiyo iliyokiona kwanza. Kwa Wagogo, na hata kwetu Kondoa, paa linalofuka moshi jioni ni neno: hapa pana mke, pana unga, karibu. Paa lisilofuka ni njaa au msiba. Siku ya tatu tangu jiko langu lianze kufanya kazi, mume wangu alirudi na wenzake wawili wa kazini. Kutoka mbali akatazama paa, kavu. Aliingia na maneno mdomoni tayari: kwamba amenioa nimpikie, kwamba amekuja na wageni, kwamba aibu gani hii. Nilifunua chungu. Ugali wa uwele umeiva, mlenda unavutika, nyumba nyeupe, mtu anamwona mwenzake. Wageni wakala wakamaliza. Mume wangu naye alikula, akasema baadaye kuwa alikuwa akitania.

Jirani mmoja naye, Mgogo, mama mwema sana, aliniletea unga kwenye ungo kwa siri, kwa kuwa siku kadhaa hakuona moshi kwangu. Tulichukua wiki nzima kuwafahamisha watu kwamba hatuna njaa. Mfinyanzi aliposikia alicheka akakaa chini. "Basi mmezoea kuona kuni zikimwagika," akasema, "mkiona hazimwagiki mnalia msiba!"

Sote tulicheka. Hakuna aliyejiuliza kama moshi ule ulikuwa na kazi nyingine.

Sasa mbegu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na uwele wake, uwele wa manyoya. Suke lake lina nywele ngumu kama sharubu, na ndege wakija kwa makundi, wale kwelea wanaoweza kumaliza shamba kabla ya mchana, wanauacha huo wanakwenda kwa jirani. Mama aliupata kwa mama yake. Kila mavuno alichagua masuke kwa mkono wake, akayafunga, akayatundika juu ya mafiga, kwenye uchaga wa miti uliokuwa mweusi kwa masizi. Nilipoolewa alinipa fungu moja na kuniambia maneno machache: "Hii usile hata ukiwa na njaa." Alifariki mwaka tuliohamia Dodoma. Ndugu zangu kule Kondoa walikwisha kuiacha, wakapanda ya kila mtu, kwa kuwa manyoya yake yanawasha wakati wa kupura. Kwa hiyo duniani ilikuwa imebaki kwangu tu, juu ya jiko langu, kwenye uchaga wangu.

Mama aliitundika pale, nami nikaitundika pale. Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Nilidhani ni kwa sababu ndipo penye nafasi.

Mwaka ule jiko langu halikutoa moshi msimu mzima. Mawingu ya kwanza yalipoonekana nikapanda kwenye kinu kilichogeuzwa, nikatungua fungu langu. Lilikuwa jepesi. Nilipolitikisa, unga ukamwagika, mweupe laini, na fukusi wakaanguka pamoja nao wakitambaa mikononi mwangu. Nikavunja suke, unga. Jingine, unga. Nilikaa chini pale jikoni kwenye nyumba yangu safi isiyo na moshi, nikalia kama siku nilipoletewa habari ya mama.

Wenzangu nao walipata hasara, lakini wao walikuwa kwao. Walikwenda kwa shemeji, kwa shangazi, wakapewa mbegu, wakarudi wanacheka. Mimi nani angenipa uwele wa manyoya?

Nililichukua fungu lile nikalimwaga jaani, nikaenda kisimani nilikojua nitamkuta. Wanawake walikuwa wengi. Nikamwambia mbele yao kila kitu, kwamba moshi ndio uliokuwa ukifukuza fukusi, na jiko lake limeuondoa. Alisimama na mtungi wake, mdomo wazi. Yeye alikuwa hajui! Hilo ndilo ambalo nilichelewa sana kulielewa. Yeye hakulima. Tangu ujana wake alibadilisha vyungu kwa nafaka, akala, akafinyanga vingine. Hakuwahi kutunza mbegu hata msimu mmoja. Alijua yote ambayo moshi unamwibia mtu, ila lile moja ambalo unamlindia alikuwa hajawahi kulihitaji.

"Mwanangu," akaanza.

"Mimi si mwanao! Bora huo moshi ungekula macho yako kuliko fukusi kula mbegu ya mama yangu!"

Mfinyanzi aliweka mtungi chini, akajifuta macho kwa kifundo cha mkono kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyejua kama ni moshi au machozi. Nikaondoka. Nilijisikia nimeshinda, mpaka nilipofika nyumbani.

Mwezi haukuisha, reli ikawa inasogea magharibi, na wakata kuni wakasogezwa nayo. Tulifunga mizigo. Ningeweza kwenda kumuaga. Mlango wake ulikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Sikwenda.

Huko tulikokaa nilipika kwenye mafiga matatu, nikakohoa na wenzangu. Mara nyingi nilipochomoa kijiti nikakipigapiga chini, niliisikia sauti yake, nikakasirika upya, kisha nikaanza kukasirika kidogo kidogo, kisha nikabaki na lile neno langu. Neno ukishalitema halirudi. Nililitafuna miaka.

Mume wangu aliumia mguu, gogo lilimwangukia, ikawa kazi ile hawezi tena. Tukarudi Dodoma kwa gari lile lile tulilolilisha. Ilikuwa kabla Wadachi na Waingereza hawajapigana. Tulifika watu wakiwa wanaparura mashamba, kuyasafisha kabla ya kupanda, mvua zinanukia. Kesho yake baada ya adhuhuri nikajifunga kanga, nikaenda.

Kutoka mbali niliona paa la Mfinyanzi linafuka. Moshi mzito, wa kuni mbichi. Nitasema ukweli: nilisikia raha kidogo. Nikawaza, aha, na yeye ameshindwa, amerudi kwenye mafiga. Nilipokaribia nikaona kwenye kivuli cha ukuta, nje, jiko lake. Chungu kiko juu, kinatokota, na moshi hakuna hata wa dawa. Nikasimama. Mtu ana jiko nje linapika; ndani anachoma nini?

"Hodi."

"Karibu. Inama, paa limeshuka."

Niliinama, nikaingia, nikakohoa. "Mbukwa, mama," nikamsalimu kwa Kigogo.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenielekezea sikio badala ya uso. "Huyo Mrangi," akasema. "Mpaka leo unasema mbukwa kama mtu aliyeungua ulimi."

Macho yangu yalipozoea kiza nikamwona vizuri. Macho yake hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa meupe, kama maji ya unga. Hayakuchuruzika. Hayakutazama popote. Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Mbele yake palikuwa na mafiga matatu. Katikati kuni, zimerundikwa vile vile alivyotukataza, mbichi na kavu pamoja, zinafuka bila kuwaka. Na juu ya mafiga hapakuwa na chungu. Mwanamke yule! Aliyekuwa akizima kijiti kimoja kwenye nyumba za watu asiowajua, amekaa mbele ya moto usio na chungu, anauacha umwagike.

"Mama," nikasema, "hapa unapika nini? Chungu kiko nje."

"Napika mbegu yako."

Akanyoosha mkono juu, hakuhitaji kutafuta. Uchaga ulikuwa mweusi unang'aa kwa masizi. Mafungu matano yamening'inia. Nikasimama nikayagusa, na manyoya yakanichoma vidoleni, magumu, mazima, kama siku niliyopewa na mama.

Akanieleza, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuelezea udongo. Siku ile ya kisimani alipitia jaani kwangu akaokota nilichomwaga. Alipepeta, akachagua punje moja moja, wakati huo akiona bado. Zenye tundu akazitupa. Zilizobaki zilijaa kiganja. "Changu," akasema, "si hicho chako chembamba." Alipokwenda kunipelekea, nyumba ikawa tupu, tumeondoka. Basi akalima. Yeye ambaye hakuwahi kulima, akachimba nyuma ya nyumba yake, akapanda. Mwaka wa kwanza mvua ilimwonea, akapata masuke machache. Akapanda tena. Na kila mavuno akayatundika hapo, akawasha moto chini yake, mwaka hadi mwaka.

"Lakini mama, wewe ni mfinyanzi! Ungeitia chunguni na majivu, ukaziba kwa udongo!"

"Nilijaribu nusu. Ikapona kidogo, nyingine ikaliwa." Akatikisa kichwa. "Ujanja wangu naujaribia chungu changu. Mbegu ya mtu nilishaijaribia mara moja, yatosha."

"Na macho?"

"Macho yalikuwa yangu."

Hapo nililia, sikujificha. Nikamshika miguu, nikamwambia kuwa lile neno la kisimani nimekula nalo na kulala nalo, kwamba ni mimi, kwamba ulimi wangu ndio uliomfanya hivi. Aliniacha nikamaliza. Kisha akapapasa mpaka akakipata kichwa changu, akakigonga kwa kile kidole chake kinene.

"Usijisifu," akasema. "Ulimi wako haujafika kupofusha mtu. Ni moshi. Mimi nilikuwa naujua kabla hujazaliwa, na niliuwasha mwenyewe." Akavuta ugoro, akapiga chafya. "Umechelewa sana. Watu wanaparura. Haya, tungua zako, na ukishatungua, zima huu moto. Nimechoka nao."

Nilitungua mafungu manne, la tano nikaliacha. Akauliza mbona manne, maana alihesabu kwa masikio. Nikamwambia moja ni lake, na shamba la nyuma ya nyumba nitalilima mimi, na mavuno yake yatafukiziwa moshi kwangu, si hapa. Alitaka kubisha. Nikamwambia anyamaze, nyumba hii leo ina mkali mwingine. Akacheka, meno yamebaki matatu.

Kisha nikapiga magoti mbele ya mafiga. Palikuwa na kibuyu cha maji karibu, mkono wangu ukakiendea.

"Usimwage maji!"

"Simwagi, mama."

"Nimekusikia unashika kibuyu. Kuni hizo zina kazi bado. Zipeleke nje zikamalizie mlenda."

Nikazichomoa moja moja, nikazipigapiga mchangani, nikazisimamisha ukutani. Yeye alikaa ameinua uso, ananusa. Moshi ulikuwa umening'inia chini ya paa, mzito, unasogea taratibu kuelekea mlangoni.

"Umekwisha?" akaniuliza.

"Bado kidogo, mama."

Nikakaa karibu yake, bega kwa bega, tukaungoja utoke.